Mkono wa Mgongoni: Ukandaji na Uchungu wa Uzazi

Mwanamke wa Pwani hukandwa katika kila hatua kubwa ya maisha yake. Akiwa mchanga, bibi humnyoosha viungo kwa mafuta ya nazi. Akiwa mwali, somo humsinga. Siku za harusi husingwa tena kwa liwa mpaka ngozi ing'ae. Akishajifungua, mama yake au mama mkwe humkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni hadi arobaini itimie. Ni saa chache tu anazokosa mkono wa mtu, nazo ni saa za uchungu wenyewe. Hapo huingia chumba cha kujifungulia peke yake, na beseni lake na doti zake za kanga, mlango hufungwa, na waliomkanda maisha yake yote hubaki kwenye benchi la nje.

Tumeizoea hali hiyo hata hatuioni. Ndiyo maana ukandaji wakati wa uchungu huonekana jambo la anasa, la wanawake wa Ulaya wenye mishumaa na muziki laini. Mimi naona kinyume. Mama wa London akishindwa kuvumilia anaweza kuomba ganzi ya mgongoni, na mara nyingi ataipata. Mama wa Fukayosi hana cha kuomba. Kwa hiyo mwenye haja kubwa zaidi ya kujua kama mkono wa mtu unapunguza maumivu, na kwa kiasi gani, ni yeye.

Fukayosi ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, kwenye barabara ya lami itokayo Bagamoyo kwenda Msata. Mna vijiji kama Kidomole, Mwavi na Mkenge. Wenyeji ni Wakwere, Wazaramo na Wadoe, na katikati yao wameingia wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig waliofuata malisho. Mama akishikwa na uchungu huku, ngazi za huduma ni zilezile za vijijini kote nchini: zahanati, kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya iliyoko Bagamoyo mjini. Usafiri wa usiku ni bodaboda, au gari la mtu mwenye moyo. Ganzi ya uti wa mgongo inahitaji mtaalamu wa usingizi, na mtaalamu huyo hapatikani zahanati. Dawa kali kama pethidini nazo si za ngazi hiyo. Kwa hiyo dawa ya maumivu ambayo mama wengi hupewa ni neno moja: jikaze.

Tusiwatendee wahudumu dhuluma, maana yapo makubwa yaliyofanyika. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya watoto walizaliwa katika vituo vya huduma. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 81. Vifo vya uzazi, ambavyo utafiti wa kwanza ulivikadiria kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa pili ulivikadiria kuwa 104. Atakayesema wanawake warudi kuzalia nyumbani ili wapate kukandwa vizuri hana hoja ya kusikilizwa. Ila ukweli mwingine upo pembeni ya takwimu hizo. Tulipouhamisha uzazi kutoka nyumbani kwenda zahanati, tulimhamisha mama peke yake. Watu wake tuliwaacha njiani.

Tuangalie walivyokuwa watu hao zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, ndiye mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa usimamizi wa Carl Velten. Anaanza na habari za uzazi kabla ya harusi, biashara au sheria. Miongo sita baadaye mtafiti wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, alikaa Bunju, kijiji cha Wazaramo kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, akaandika kwa kirefu juu ya mwali, somo na mizimu. Ukiwasoma wote wawili unaona kwamba uzazi wa Pwani ulikuwa shughuli ya wanawake wengi: mkunga, mama, shangazi, wifi, somo. Kwa Wazaramo na Wakwere, wanaofuata ukoo wa kukeni, binti kurudi kwa mama yake kuzaa mimba ya kwanza ni jambo linaloeleweka bila maelezo.

Wala nyumba hiyo haikuwa pepo. Mkunga wa jadi hakuwa na sindano ya kuzuia damu, hakuwa na damu ya kuongeza, hakuwa na namna ya kumpasua mama ambaye mtoto amekwama. Tena sehemu nyingi za nchi hii uchungu ukichelewa mama alianza kuhojiwa: umelala na nani, taja. Mkono uliotakiwa kumsaidia ukawa mkono wa kumshtaki. Hilo nitalirudia, kwa sababu linaamua ni nani hasa anapaswa kuingia naye chumbani.

Sasa mkono wenyewe unafanya nini mwilini?

Uchungu una awamu. Katika ya kwanza, mji wa mimba unajikaza na kulegea, na kila ukijikaza mlango wa kizazi unavutwa na kufunguka kidogo, kutoka kufungwa kabisa hadi sentimita 10. Habari ya maumivu hayo husafiri kwa neva zinazoingia kwenye uti wa mgongo kwa chini, mahali palepale zinapoingia neva za ngozi ya kiuno na tumbo la chini. Ubongo hauwezi kutenganisha vizuri habari hizo mbili, na ndiyo sababu kizazi kinapofunguka mama analalamikia kiuno. Mtoto akiwa amekaa kisogo chake kikielekea mgongo wa mama, kichwa hukandamiza mfupa bapa wa nyuma ya nyonga, ule ulio juu ya kifandugu, na maumivu ya mgongo hayapoi hata kati ya uchungu mmoja na mwingine. Katika awamu ya pili, wakati wa kusukuma, maumivu hutoka kwingine: ukeni na msambani vinavyotanuka, kwa neva nyingine za chini zaidi.

Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walitoa nadharia ya lango la maumivu. Kwa ufupi, walisema uti wa mgongo haupitishi kila habari kama ilivyokuja. Kuna mahali pa kuchuja. Neva nene zinazobeba habari ya kuguswa na kukandamizwa zikiwa na kazi nyingi, habari ya maumivu inayokuja kwa neva nyembamba hupungua nguvu kabla haijafika kichwani. Watafiti waliofuata wamerekebisha mengi katika nadharia hiyo, lakini msingi wake umebaki, na kila aliyejigonga kiwiko akakisugua papo hapo anaujua bila kusoma. Zaidi ya hapo kuna hofu. Mama mwenye hofu hukaza misuli na kuvuta pumzi fupifupi, na maumivu yaleyale humwia makali zaidi. Mkono tulivu hulegeza mabega na kurefusha pumzi.

Nadharia nzuri haimpunguzii mtu maumivu, kwa hiyo twende kwenye majaribio. Mwaka 2018 mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima majaribio ya tiba duniani, ulitoa mapitio ya ukandaji na mbinu nyingine za mikono wakati wa uchungu. Yalikusanya majaribio 14, na 10 kati yake, yenye wanawake 1,055, yalikuwa na takwimu za kutumika. Hukumu yake ni ya tahadhari: ukandaji ulipunguza maumivu katika awamu ya kwanza kuliko huduma ya kawaida, lakini ubora wa ushahidi ni mdogo. Kwenye awamu ya pili faida haikuonekana wazi, jambo linalopatana na njia za neva nilizozieleza. Wala haikuthibitika kwamba ukandaji unapunguza upasuaji.

Majaribio yenyewe yanafundisha kuliko wastani wake. Moja lilifanyika Brazil na kuchapishwa 2013, kwa wanawake 46. Nusu yao walikandwa kwa dakika 30 njia ikiwa imefunguka sentimita 4 hadi 5, na mkandaji alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100, walipungukiwa na takribani alama 20 kuliko wenzao. Alama 20 si muujiza. Mama bado anaumia. Ila mwenye kuumia kwa 80 akashuka hadi 60 hataidharau tofauti hiyo.

Jingine ni la Marekani, la Tiffany Field na wenzake, 1997, kwa wanawake 28. Hapo wakandaji walikuwa wenzi wa akina mama, watu wa kawaida waliofundishwa kidogo, na maumivu yalipungua vilevile. Kwa Fukayosi mimi ningelichukua hili kabla ya lile la Brazil, kwa sababu nyepesi: mtaalamu wa fiziotherapia hayupo, na nesi wa zamu ya usiku, mara nyingi mmoja tu, ana mzazi mwingine anayetoka damu na mtoto anayehitaji kuwekwa titi. Hawezi kumsugua mtu kiuno kwa saa nane. Mkono, kama upo, ni wa ndugu.

Hapa ndipo swali la ukandaji linapogeuka kuwa swali la kuwa na mtu. Huwezi kumkanda mama kwa saa nne bila kuwa naye kwa saa nne. Mwaka 1980 madaktari waliofanya kazi Guatemala, miongoni mwao Marshall Klaus na John Kennell, walitangaza matokeo ya jaribio dogo. Akina mama wa mimba ya kwanza waliwekewa mwanamke wasiyemjua, asiye na mafunzo ya uuguzi, akae nao, azungumze nao, awashike mkono, awasugue mgongo. Kati ya wale ambao uzazi wao haukuwa na matatizo, muda toka kupokelewa hadi kuzaa ulikuwa wastani wa chini ya saa 9, wakati walioachwa peke yao walichukua saa 19. Kundi lilikuwa dogo mno kuamini tofauti kubwa kiasi hicho, na tafiti zilizofuata hazikuipata tena kwa ukubwa huo. Botswana mwaka 1999 wakafanya lao kwa wasichana 109 wa mimba ya kwanza, safari hii mwenzi akiwa ndugu wa kike. Waliokuwa na ndugu, asilimia 91 walijifungua kwa njia ya kawaida bila kusaidiwa na vifaa; wasiokuwa naye, 71. Kisha mapitio makubwa ya Cochrane ya 2017, yenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, yakathibitisha mwelekeo: mwenye mtu wa kumtegemeza muda wote huhitaji dawa chache zaidi za maumivu, hufanyiwa upasuaji mara chache zaidi, na uchungu wake huwa mfupi kwa kama dakika 40.

Ukilinganisha mapitio hayo mawili utaona kwamba ushahidi wa kuwa na mtu una nguvu kuliko ushahidi wa kukandwa. Ndiyo maana nasita kuuita ukandaji dawa. Naona ni kazi anayopewa mwenzi ili asikae tu akilia na mama. Ndugu asiye na kazi chumbani hubaki kusimama, huuliza maswali, humtia mama wasiwasi, na mwisho nesi humtoa. Aliyepewa kazi ya mikono ana sababu ya kubaki.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo 56 kuhusu huduma wakati wa uchungu. Ukandaji na vitambaa vya moto vimependekezwa kwa mama mwenye afya njema anayeomba kupunguziwa maumivu. Mwenzi anayechaguliwa na mama amependekezwa kwa wote. Kutembea na kukaa wima wakati wa uchungu nako kumependekezwa, na hilo linahusu mkono moja kwa moja: mama aliyelazwa chali juu ya mpira hafikiki mgongo.

Basi mkono unawekwaje? Mama asimame akiegemea kitanda au ukuta, au apige magoti juu ya kanga iliyokunjwa, kifua na mikono akiilaza juu ya stuli. Mwenzi akae nyuma yake. Uchungu ukianza kupanda, aweke shina la kiganja kwenye ule mfupa bapa juu ya kifandugu na kukandamiza kwa uzito wa mwili wake. Asisugue haraka haraka, kwani kusugua ngozi kavu kwa dakika nzima kunachubua. Akandamize, asubiri, asiondoe mpaka uchungu ushuke, ambao kwa kawaida ni kama dakika moja. Kisha aachie polepole. Katikati, mama anapopumua, mikono ipite kwa urefu kutoka mabegani hadi kiunoni, na tone la mafuta ya nazi likiwepo ni heri. Maneno yanakuwa machache.

“Hapa, mwanangu?”

“Shuka, shangazi. Hapo. Usitoe, usitoe.”

Kitambaa cha moto kikitumika, mwenzi akijaribu kwanza ndani ya mkono wake mwenyewe, kwa kuwa mama aliye kwenye uchungu hatatambua kwamba anaungua. Na ikifika sentimita 8 au 9, mama huyohuyo aliyekuwa akisema usitoe anaweza kufoka: usiniguse! Mwenzi asichukie. Aondoe mkono, abaki karibu.

Nimesema mgongo, kiuno, mabega; miguu na viganja navyo vinafaa. Tumbo sikulitaja, na hapa sina mjadala na mtu. Kusukuma au kukamua tumbo ili mtoto ashuke ni hatari. Mji wa mimba unaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa au kuzaa mara nyingi, na mama akafa kwa damu iliyomwagika ndani bila hata tone kuonekana nje. Shirika la Afya Duniani halipendekezi tumbo kusukumwa hata kwa mikono ya wahudumu. Kuchua tumbo la mjamzito ili kumgeuza mtoto, kazi ambayo baadhi ya wakunga wa jadi bado huifanya, kunaweza kulibandua kondo la nyuma. Ukandaji wa Pwani umechanganya tangu zamani mkono wa mgongoni na mkono wa tumboni, na wahudumu wanaoukataza wote kwa pamoja wana sababu, ingawa wanatupa kizuri pamoja na kibaya. Ingetosha kuwafundisha wenzi mpaka ulipo.

Upo wakati mmoja ambapo tumbo hukandwa, nao ni wa mhudumu. Mtoto akishatoka na damu ikizidi, mji wa mimba uliolegea hukandwa ujikaze. Jaribio kubwa lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kuchapishwa 2023, lilitumia kitambaa maalumu cha plastiki cha kupima damu inayopotea. Damu ikivuka kiwango, mambo matano yalifanywa kwa mkupuo: kukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza, dawa ya traneksami ya kusaidia damu kuganda, maji ya mishipani, na kumkagua mama kutafuta chanzo. Matukio mabaya ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Huo ukandaji hautulizi maumivu. Unauma sana. Lakini ni ukandaji unaookoa roho, na mwenzi aliyeko chumbani akimwona nesi anakandamiza tumbo baada ya kuzaa ajue kinachofanyika.

Kuhusu maji ya moto ya arobaini nitasema machache. Joto la wastani kiunoni na mapajani humburudisha mzazi. Maji yanayofuka mvuke huunguza, na kidonda cha upasuaji au cha msambani si mahali pa kuyachapia. Mguu mmoja uliovimba, una joto na unauma usichuliwe kamwe, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa. Huyo apelekwe hospitali.

Turudi mlangoni. Ukiwauliza wahudumu kwa nini ndugu hawaingii, sababu ya kwanza ni faragha, na ni sababu ya kweli. Chumba kikiwa na vitanda viwili au vitatu visivyo na pazia, ndugu wa huyu atamwona yule. Sababu ya pili ni wingi wa watu, na ya tatu ni dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu ambazo baadhi ya ndugu huziingiza kwenye chupa ya chai. Dawa hizo zinaweza kuukaza mji wa mimba kupita kiasi, na nesi anayezikataa yuko sahihi. Ipo sababu ya nne ambayo haisemwi: mbele ya shahidi, mtu hachapi wala hatukani. Utafiti wa mradi wa Staha katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoa jirani wa Tanga, uliochapishwa 2014, ulikuta asilimia 19 ya wanawake waliohojiwa wakitoka kituoni wakisema walitendewa vibaya au kudharauliwa. Walipohojiwa wiki kadhaa baadaye wakiwa nyumbani, waliosema hivyo wakafika 28.

Kigoma walijaribu njia nyingine. Kati ya 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai liliingiza wenzi wa uzazi katika vituo tisa vya serikali mkoani humo, vingi vikiwa vijijini kama Fukayosi na vyenye upungufu uleule wa watumishi. Kufikia 2018, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake waliojifungua katika vituo hivyo walikuwa na mwenzi, na karibu wote waliohojiwa waliridhika mno. Hapakuwa na mashine. Yalitakiwa mapazia, maelekezo mafupi kwa mwenzi, na mganga mfawidhi aliyekubali.

Karatasi nazo zimeshabadilika. Fomu mpya ya Shirika la Afya Duniani ya kufuatilia uchungu, iliyotolewa 2020 ishike nafasi ya patografu, ina mistari minne kabla ya kufika kwenye mapigo ya moyo ya mtoto: je, mama ana mwenzi, amepunguziwa maumivu, anakunywa maji, amekaaje. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi sita zilizoijaribu kabla haijaenea. Nesi anayejaza “hapana” kwenye mstari wa kwanza kila saa, usiku kucha, anaandika ushahidi dhidi ya jengo lake.

Je, aingie nani? Wapo wanaotaka iwe mume, na katika hospitali binafsi za mjini jambo hilo linazoeleka. Vijijini Pwani wanawake wengi watamtaka mama mzazi, dada au shangazi, na chumba kisicho na mapazia hakimruhusu mwanamume hata kama mama amemtaka. Jambo la msingi ni kwamba mama achague. Mama mkwe anayeingia kwa cheo chake, ambaye uchungu ukichelewa ataanza kuuliza mimba ni ya nani, ni bora abaki nje. Mama wa Kimaasai au Kibarbaig asiyekijua Kiswahili vizuri ana haja ya ziada. Mwenzi wake ndiye atakayemfikishia nesi habari kwamba anaona giza machoni au kichwa kinamgonga, dalili ambazo zikikosa mkalimani huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba.

Sipendi ukandaji uwe kisingizio. Kiongozi atakayesema “wana mikono, hawahitaji pethidini” atakuwa ameielewa hoja hii kinyumenyume. Wanawake wa vijijini wana haki ya dawa za maumivu kama wa mjini, na tofauti ya alama 20 si mbadala wa ganzi. Lakini mtaalamu wa usingizi hatafika Mwavi mwaka huu, wakati pazia linaweza kushonwa na fundi wa cherehani pale Fukayosi wiki hii. Halmashauri inayotenga fedha za kupaka rangi majengo haishindwi na mita kadhaa za kitambaa na waya wa kutundikia. Hilo nalidai kwa madiwani na kamati za afya za vijiji, na nadhani ni dai dogo.

Na wewe mwenye binti au mkamwana aliye na mimba ya miezi saba, msisubiri usiku wa uchungu. Kliniki ijayo muulizeni nesi kama mtu mmoja anaruhusiwa kuingia naye, na kwa masharti gani. Mwacheni mama mwenyewe amtaje huyo mtu, kisha wawili hao wajizoeze nyumbani mahali pa kuweka kiganja. Akitoka damu, akipata degedege, akiona giza, maji ya uzazi yakitoka na rangi ya kijani, au uchungu ukipita saa 12 bila dalili ya kuzaa, kukanda kumekwisha: pigeni 115, namba ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na wazazi. Simu hiyo hailipiwi.